Hesabu iliyojificha ndani ya king'amuzi

Mwezi wa Aprili 2025, Waziri wa Elimu, Bw Julius Ogamba, alitangaza kwamba Hisabati itakuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, awe amechagua mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Tangazo hilo lilitokana na malalamiko ya wananchi wengi, kwani mpango wa awali uliwaruhusu wanafunzi wa mikondo miwili ya mwisho kuliacha somo hilo wakitaka. Walimu wengi walishangilia na wanafunzi wengi wakanuna. Mimi nilijiuliza swali moja tu: tumekwisha kulilazimisha somo, je, tumewaeleza vijana lina kazi gani?

Swali hili si geni kwangu. Nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule moja iliyo kando ya barabara ya Nakuru kuelekea Njoro, kijana mmoja wa kidato cha nne aliinua mkono katikati ya somo la trigonometria akaniuliza, "Mwalimu, hii saini nitaiuza soko gani?" Hakuwa na maana ya saini ile tunayoitia chini ya barua, bali ile ya pembe, inayokwenda sanjari na kosaini. Darasa zima lilicheka. Nami nilimjibu kwa ukali wa walimu wa enzi zetu kwamba ingekuja katika mtihani. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini halikumfaa kitu. Leo nataka kulilipa deni hilo, na nitalilipa kwa kumwonyesha kijana yule kifaa ambacho bila shaka kimo nyumbani mwake, nacho ni king'amuzi cha televisheni.

Msomaji atakumbuka kivumbi kilichotimka mwanzoni mwa mwaka 2015, serikali ilipozima mitambo ya zamani ya televisheni na kutuhamisha sote kwenye mfumo wa dijitali. Stesheni kubwa za kibinafsi zilitoweka hewani kwa karibu majuma matatu kuanzia tarehe 14 Februari. Tulijadili mahakama, leseni, bei ya ving'amuzi na haki ya raia kupata habari. Mijadala hiyo yote ilikuwa ya haki. Hata hivyo, sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kile kisanduku kinafanya nini hasa kinapopokea mawimbi na kuyafanya picha. Tulikinunua, tukakichomeka, tukaketi kutazama.

Waliokuwa na televisheni za zamani katika mitaa iliyo chini ya kuta za Menengai wanajua adha ya picha zenye kivuli. Mtangazaji mmoja alionekana wawili, wa pili akiwa hafifu pembeni. Sababu yake ni kwamba mawimbi yalifika kwenye antena mara mbili: mara ya kwanza moja kwa moja kutoka mnarani, na mara ya pili yakiwa yamechelewa kidogo baada ya kugonga mlima na kurudi. Mfumo mpya uliochaguliwa na Kenya, unaojulikana kama DVB-T2, huliepuka tatizo hilo kwa hila ya kupendeza. Badala ya kupakia habari zote kwenye wimbi moja linalokwenda mbio, huzigawa kwenye maelfu ya mawimbi madogo, kila moja likibeba habari chache tena kwa mwendo wa polepole. Mwangwi unapofika ukiwa umechelewa kidogo, hauvurugi kitu, kwani kila wimbi dogo limeachiwa nafasi ya kusubiri mwangwi upite.

Lakini hila hiyo ina gharama. Mawimbi yale maelfu hufika kwenye antena yakiwa yamechanganyika kuwa fujo moja, na king'amuzi hakina budi kuyatenga, kila moja kivyake, mara nyingi katika kila sekunde. Kazi ya kutenga mawimbi yaliyochanganyika ndiyo kiini cha makala haya.

Msingi wake uliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier. Katika andiko lake la mwaka 1807, na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1822, Fourier alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu vigumu. Aligundua kwamba mchoro wowote wa kupanda na kushuka, hata uwe na mikunjo ya namna gani, unaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi sahili ya saini na kosaini. Mfano wake ni kwaya. Sauti zote hukufikia zikiwa mtikisiko mmoja wa hewa, lakini sikio lako hutambua kwamba huyu anaimba sauti ya juu na yule sauti ya chini. Hesabu ya Fourier hufanya kwa tarakimu kile ambacho sikio hufanya kwa maumbile.

Taabu ilikuwa wingi wa kazi. Ukiwa na vipimo 1,024 vya wimbi, na ukaifuata kanuni jinsi ilivyoandikwa, utazidisha mara 1,024 kwa 1,024, yaani mara 1,048,576. Wimbi lenye vipimo 32,768, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa katika mfumo wa DVB-T2, lingehitaji kuzidisha zaidi ya mara bilioni moja kwa kila fungu moja la mawimbi. Hakuna kisanduku cha bei ya mwananchi kinachoweza kuhimili kazi hiyo.

Ukombozi ulikuja mwaka 1965, na hapa ndipo hadithi inapolikaribia Bonde la Ufa. John Tukey, mwanahisabati wa Marekani, alikuwa katika kikao cha washauri wa kisayansi wa Rais John Kennedy. Suala lililokuwa likiwasumbua lilikuwa jinsi ya kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Urusi kwa kuchunguza mitetemo ya ardhi kutoka mbali. Ili kutofautisha bomu na tetemeko la kawaida, ilibidi kuichambua mitetemo kwa njia ya Fourier, na kompyuta za siku zile zilikuwa za mwendo wa kobe. Tukey alikuwa na wazo la kufupisha hesabu. Richard Garwin, mwanafizikia aliyekuwamo kikaoni, alilipeleka wazo hilo kwenye kampuni ya IBM, ambako James Cooley aliliandikia programu. Makala ya Cooley na Tukey ya kurasa chache tu yaligeuza uhandisi wa dunia nzima. Baadaye iligunduliwa kwamba Mjerumani Carl Friedrich Gauss alikuwa ameifikia njia hiyo hiyo mnamo 1805, akaiandika kwa Kilatini na kuiacha miongoni mwa karatasi zake.

Siri ya njia hiyo anaijua kila mwanafunzi aliyepita kidato cha tatu. Saini ya digrii 30 ni nusu, na saini ya digrii 210 ni nusu hasi. Pembe zilizo pande mbili za duara zinazokabiliana hutoa thamani ile ile, ishara tu ndiyo inayobadilika. Basi kuna haja gani ya kuihesabu mara mbili? Fanya kazi ya kuzidisha mara moja, kisha jumlisha upate jibu la kwanza, na utoe upate jibu la pili. Wahandisi huchora kitendo hiki kwa mistari miwili inayokatana, ikafanana na mbawa, ndiyo maana wakakiita kipepeo. Vipimo 1,024 huhitaji vipepeo 5,120 tu badala ya kuzidisha zaidi ya mara milioni moja. Vipimo 32,768 huhitaji vipepeo 245,760 badala ya zaidi ya bilioni. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimepunguzwa kwa haba na haba.

Ikiwa televisheni haikuvutii, itazame simu yako ya 4G. Katika upana mkubwa wa megahezi 20, hupokea mafungu 14,000 ya mawimbi kila sekunde, na kila fungu huchambuliwa kwa vipimo 2,048. Kwa njia ndefu ingelazimu kuzidisha karibu mara bilioni 59 kila sekunde. Kwa njia ya vipepeo ni karibu mara milioni 158. Bila saini ya digrii 210, betri yako ingekufa kabla hujamaliza kusalimiana na mama.

Sasa nije kwenye ubunifu wa saketi zenyewe, maana hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa nchi isiyo na mali nyingi. Mbuni wa chipu ni kama mama anayepanga matumizi ya nyumba kwa fedha kidogo. Kizidishi ndicho ghali kuliko vyote: hula nafasi na umeme. Kijumlishi ni rahisi. Kwa hiyo mbuni hodari hujiuliza daima, kizidishi hiki naweza kukikwepa?

Mbinu za kukwepa ni nyingi. Kwanza, kuzungusha nambari kwa digrii 90 kamili hakuhitaji kuzidisha hata kidogo. Sehemu mbili za nambari hubadilishana nafasi na ishara moja hugeuzwa. Mwaka 1996, Shousheng He na Mats Torkelson wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, waliitumia hoja hii kupanga saketi ya vipimo 1,024 yenye vizidishi vinne pale ambapo mpango wa awali ulitaka vinane, huku kumbukumbu ikibaki nafasi 1,023 tu. Pili, hakuna sababu ya kuhifadhi saini na kosaini za duara zima. Ukihifadhi za digrii 0 hadi 45, zilizobaki utazipata kwa kugeuza ishara au kubadilisha nafasi. Tatu, ziko njia za kuzungusha nambari kwa kujumlisha na kusogeza tarakimu tu, bila kizidishi chochote, kama ile iliyobuniwa na Jack Volder mwaka 1959 kwa ajili ya kuongozea ndege. Nne, ni lazima kuchagua urefu wa nambari kwa busara. Kizidishi cha biti 32 hula takriban mara nne ya saketi za kile cha biti 16, na mara nyingi wimbi lenyewe halina usahihi unaostahili gharama hiyo.

Juu ya hayo kuna mpangilio wa kazi. Fikiria akina mama watatu wa Bahati wakishughulikia gunia la mahindi. Mmoja anapukuchua, wa pili anapepeta, wa tatu anasaga. Hakuna anayesubiri gunia zima lipukuchuliwe ndipo apepete. Punje zinapotoka kwa wa kwanza, wa pili anazidaka. Saketi za Fourier hupangwa hivyo hivyo, hatua baada ya hatua, na vipimo vipya huingia mlangoni wakati vya zamani vingali vinatoka. Hakuna kizidishi kinachokaa bure kikila umeme.

Msomaji anaweza kuniuliza: hayo yote yanatuhusu nini sisi wa Nakuru? Yanatuhusu kwa sababu tunaishi juu ya ardhi inayosema. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilitikisa Subukia na kupasua ardhi kwa zaidi ya kilomita 30 chini ya ukingo wa Laikipia. Siku zile Nakuru ilikuwa mji mdogo wa reli na mashamba. Leo ni jiji tangu Desemba 2021, lenye majengo ya ghorofa, na ufa wa Subukia haujahama. Isitoshe, ardhi hii ndiyo inayotupa umeme. Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na Menengai, ambako Kampuni ya Ustawi wa Nishati ya Mvuke, GDC, ilianza kuchimba visima mwaka 2011, ilipata mtambo wake wa kwanza wa megawati 35 mwaka 2023.

Mwamba unapokatika chini ya volkeno, hutoa mtikisiko mkali wa haraka haraka. Maji moto au mvuke unapojipenyeza kwenye nyufa, mara nyingi hutoa mtikisiko mzito wa polepole. Lori linalopita barabara kuu ya Nairobi lina mtikisiko wake pia. Kwa macho, mchoro wa mitetemo hiyo unaweza kukudanganya. Ukichambuliwa kwa njia ya Fourier, tofauti hujitokeza, na mtaalamu hupata dalili ya mahali mvuke unapopita na kama volkeno imetulia ama inajigeuza.

Sasa tazama gharama. Kituo kimoja cha kupima mitetemo kinachochukua vipimo 100 kwa sekunde katika pande tatu hukusanya nambari 25,920,000 kwa siku. Kikiwa kileleni mwa Longonot au ndani ya shimo la Menengai, hutegemea betri na paneli ya jua, na kurusha nambari hizo zote kwa redio hula umeme mwingi. Lakini kituo chenye saketi ndogo bahili ya Fourier kinaweza kujichambulia chenyewe vipimo 1,024 kila baada ya sekunde kumi hivi, kikatuma muhtasari tu, na kikatuma mchoro kamili pale tu panapokuwa na jambo la kutia shaka. Ubahili wa saketi hapo ndio unaoamua kama kituo kitaendelea kukesha msimu wa mawingu au kitazimika usiku ule ule tunaokihitaji.

Historia yetu katika jambo hili si ya kujivunia sana. Mwaka 1985, na tena mwaka 1990, wanasayansi wa mradi uliojulikana kama KRISP walilipua baruti kwenye maziwa na ardhi ya Bonde la Ufa, wakapanga mamia ya vipima mtetemo kutoka Turkana hadi Naivasha. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki, pamoja na vyuo vya Leicester, Karlsruhe, Stanford, Texas na vinginevyo. Matokeo yalikuwa ya thamani kubwa: tulijua kwamba gamba la dunia lina unene wa kilomita 35 hivi chini ya Naivasha, na kilomita 20 tu chini ya Turkana. Lakini sehemu kubwa ya uchambuzi ilifanywa ng'ambo. Mitetemo ilikuwa yetu, nasi tukaisomewa na wageni.

Mgala muue na haki mpe. Mambo yamebadilika tangu wakati huo. GDC na KenGen zina wataalamu Wakenya, wengi wao wakiwa wamepitia mafunzo ya Iceland, wanaochambua mitetemo ya Menengai na Olkaria wenyewe. Lakini kuchambua kwa kifaa kilichotengenezwa na mwingine ni jambo moja, na kukibuni kifaa ni jambo jingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa sasa tungali watu wa kununua kisanduku na kukichomeka.

Najua nitapingwa. Wako watakaosema kwamba chipu ni kazi ya viwanda vya mabilioni, na kwamba shule isiyo na maabara haiwezi kuzungumzia mambo haya. Hoja hiyo inachanganya vitu viwili. Kuchoma chipu kunahitaji kiwanda, na hata hapo hatuko mikono mitupu, maana kipo kimoja katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri. Kubuni saketi, kwa upande mwingine, kunahitaji hisabati, subira, kompyuta ya kawaida na ile aina ya chipu ambayo saketi zake hupangwa upya na mtumiaji mwenyewe. Chuo chochote chenye idara ya uhandisi au ya fizikia kinaweza kuimudu.

Shule nayo ina nafasi yake, tena isiyohitaji hata umeme. Mwalimu aweke viti vinane mbele ya darasa, avipe nambari 0 hadi 7, na awaketishe wanafunzi wanane wenye vipimo vinane vya wimbi. Awaambie waandike nambari za viti vyao kwa mfumo wa moja na sifuri, kisha wazisome kinyumenyume na kuhamia kiti hicho. Wa kiti cha 1, yaani 001, atahamia cha 4, ambacho ni 100. Wa kiti cha 3, yaani 011, atahamia cha 6. Baada ya hapo washikane wawili wawili na kufanya vipepeo kwa hatua tatu. Watazidisha mara 12 pale ambapo njia ndefu ingewataka wazidishe mara 64. Hapo watakuwa wamefanya kwa miguu yao kile ambacho king'amuzi hufanya kwa umeme, na sidhani yuko atakayeuliza tena soko la saini liko wapi.

Pendekezo langu kwa wakubwa ni dogo. GDC na KenGen zitoe kwa vyuo na shule rekodi za zamani za mitetemo ambazo hazina siri ya biashara. Vyuo vya eneo letu, Egerton huko Njoro kikiwamo, viandae mashindano ya kila mwaka ya kubuni saketi ya kuichambua mitetemo hiyo. Ushindi usiwe wa mwenye mtambo mkubwa, bali wa aliyetumia vizidishi vichache zaidi, kumbukumbu ndogo zaidi na umeme kidogo zaidi, huku jibu lake likibaki sahihi. Vijana waliokulia katika nyumba za kuhesabu shilingi wanaujua ubahili kuliko wote. Haujapata kutokea mtu wa kuwaambia kwamba ubahili huo ni fani ya uhandisi.

Nawageukia walimu wenzangu. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lililopangiwa kuingia sekondari ya juu Januari 2026 ndilo la kwanza kuwekewa Hisabati kwa amri katika mikondo yote mitatu. Amri itawaleta darasani, lakini haitawafanya wapende. Yule kijana wangu wa barabara ya Njoro sijui yuko wapi siku hizi. Nikikutana naye, nitamwomba radhi kwanza, kisha nimwambie kwamba saini haina soko lake peke yake. Imo ndani ya simu aliyoitia mfukoni na ndani ya kisanduku kilicho chini ya televisheni yake. Siku tutakapoitia sisi wenyewe ndani ya kipima mtetemo cha Menengai, nitaamini kwamba deni langu limelipika.